Maji ya Pua ya Kulia

Kama uko kwenye benchi la hospitali na mtoto aliyewekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, na pua yake inadondosha maji maangavu kama ya bombani, nisikilize kidogo kabla jina lenu halijaitwa. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani hapa Same mjini, naitwa Elinihaki, na haya ninayoyajua nimeyajua kwa kumuuguza binti yangu Namkunda. Ningependa wewe uyajue mapema kuliko nilivyoyajua mimi.

Namkunda alizaliwa hasikii. Tuligundua alipokaribia mwaka na nusu. Siku hiyo bati lilianguka kutoka juu ya kibanda changu cha kushonea, karibu kabisa na alipokuwa amekaa. Watu wote tuliruka. Yeye aliendelea kupanga vifungo vyake kwenye sakafu.

Upasuaji niliutaka mimi. Mke wangu, Nakijwa, nilimshawishi kwa miezi mingi mpaka akakubali. Mama yangu, anayeishi Myamba juu milimani kwenye shamba lake la tangawizi, hakukubali kabisa, ila alisema mtoto ni wetu. Namkunda alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, sikio la kulia, wakati wa kipupwe, akiwa na miaka mitatu. Kuna kipande kinachokaa ndani chini ya ngozi, na kingine cha nje, ambacho sisi tunakiita mashine, kinachoshika kichwani kwa sumaku nyuma ya sikio.

Daktari bingwa, mama mmoja mpole, alitoka chumba cha upasuaji akiwa bado amevaa kofia yake ya kijani. Alituambia, "Sikio lake la ndani halikuumbika kama la watoto wengine. Nilipofungua, maji yalitoka kwa nguvu, yale maji yanayozunguka ubongo. Nimeziba na yamekauka. Lakini mkiona maji yanatoka puani au sikioni, au akapata homa kali, msikae nyumbani. Hata kama mwaka umepita."

Tuliitikia kwa vichwa. Mimi nilichosikia ni "nimeziba" na "yamekauka". Mengine yalinipita, kwa sababu nilikuwa namwangalia mtoto aliyekuwa anasukumwa kwenye kitanda, kichwa kimefungwa bandeji kubwa kama kilemba.

Mwezi mmoja baadaye wakaiwasha ile mashine. Alilia siku nzima. Wiki iliyofuata alianza kugeuka akisikia mlango. Kufika mvua za vuli alikuwa anajua jina lake, na mwanzoni mwa mwaka, akiwa mgongoni mwa mama yake wakitoka sokoni, alisema "mama". Nakijwa alisimama katikati ya barabara mpaka bodaboda wakampigia honi.

Basi masika yakaja, na pua ikaanza kutoa maji.

Aliyeona kwanza ni mama yangu. Tulikuwa tumepanda Myamba kwa wiki moja. Namkunda alikuwa anamsaidia bibi yake kuokota maharage yaliyomwagika uani. Mama akasema, "Huyu kila akiinama anadondosha. Akisimama, basi. Na ni pua moja tu, ya kulia."

"Ni baridi ya huku," nilimjibu. "Tukishuka Same itaisha."

Tuliposhuka haikuisha. Same nako ni mji wa upepo na vumbi, nusu ya watoto wa mtaa wetu wana mafua, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Nilimkatia leso ndogo ndogo kutoka vipande vya pamba vilivyobaki kazini, nikazipinda ukingo, akawa nazo mfukoni. Alikuwa anatumia nne, tano kwa siku.

Siku moja, Alhamisi, Nakijwa aliziacha leso chafu kwenye beseni bila kuzifua. Zilikaa juani zikakauka. Nilipozikusanya nikasimama nazo mkononi. Nimeshika vitambaa tangu nikiwa na miaka kumi na sita, vidole vyangu vinajua. Nilimwita mke wangu.

"Shika hii."

"Leso ya Namkunda. Imekauka."

"Sasa shika hii." Nilimpa ya mtoto wa jirani aliyekuwa amelala kwetu, naye ana mafua. Ilikuwa ngumu kama karatasi ya khaki.

Nakijwa akazilinganisha. "Ya Namkunda ni laini."

"Kamasi likikauka linakakamaa. Hii haijakakamaa hata kidogo. Haya siyo makamasi, Mama Namkunda. Ni maji."

"Maji ya wapi?"

Nilipofungua mdomo kumjibu ndipo maneno ya yule daktari yakanirudia yote, pamoja na kofia yake ya kijani.

Asubuhi yake, Ijumaa, nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Nilibeba zile leso kwenye mfuko wa plastiki. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na heshima, alinisalimia shikamoo, akamwangalia mtoto koo na masikio, akasema ni aleji. Nilipomwonyesha leso alitabasamu. "Mzee wangu, mimi sipimi leso." Akaandika dawa ya maji na kusema turudi baada ya wiki. Simlaumu sana. Hakuwahi kuona mtoto mwenye kifaa kile, na mimi sikujieleza vizuri. Nilisema "alifanyiwa sikio". Nilipaswa kusema: "Walipomfanyia upasuaji maji ya ubongo yalitoka, na daktari alituonya." Sema hivyo. Sema hata kama wanakuangalia kama mjuaji.

Mchana nilipiga namba iliyo kwenye karatasi ya kutoka hospitali Dar. Iliita bila kupokelewa. Nikasema nitapiga Jumatatu.

Jumapili, tuliporudi kanisani, Namkunda aliivua mashine yake akaitupa chini, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Akaenda kulala kwenye sakafu ya baraza akiwa amefunika macho kwa mikono miwili. Nilipomgusa alikuwa anachemka. Nilitaka kumnyanyua kichwa, shingo haikukunjika. Kisha akatapika.

Katika hospitali ya hapa mjini, daktari wa zamu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye leso alisimama. "Maji haya yana muda gani?"

"Wiki ya tatu hii."

Hakuniuliza kingine. Alimchoma sindano ya kwanza hapo hapo, akapiga simu, na kabla ya saa kumi jioni tulikuwa ndani ya gari la wagonjwa tunaelekea hospitali ya rufaa Moshi. Nakijwa alikaa upande wa kichwa, mimi miguuni. Kuanzia Same hadi Mwanga nilihesabu pumzi zake. Kuanzia Mwanga hadi Moshi pia.

Walimtoa maji kwenye uti wa mgongo. Wazazi tuliombwa tusubiri kwenye korido yenye viti vya bluu vilivyogongelewa chini. Majibu yalikuwa homa ya uti wa mgongo. Vijidudu vimepita sikioni, kwa ile njia ambayo maji yalikuwa yanatokea, vikaingia mpaka kwenye utando wa ubongo. Daktari aliyetueleza alipoondoka, mke wangu alisema maneno yake ya kwanza tangu nyumbani.

"Uliniambia atasikia. Hukuniambia atakufa."

Kesho yake mama alifika kutoka Myamba na chupa ya uji, mtandio wake una vumbi la safari. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Aliitikia marahaba huku akimtazama mjukuu wake aliyelala na dripu mkononi, nywele zimenyolewa upande mmoja walipotafuta mshipa, midomo imepasuka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Tulikuwa na mtoto kiziwi. Lakini alikuwa mzima."

Nilitoka nje nikaenda kwenye bomba la kunawia mikono. Nilinawa muda mrefu. Nilijiambia nina mambo mawili tu ya kufanya: kuhakikisha kila sindano inachomwa kwa saa yake, na kutochoka kuuliza. Kujilaumu kungesubiri, na kweli kulisubiri. Kulikuja baadaye kwa wakati wake.

Sindano zilikuwa za siku kumi na nne. Niliacha kuhesabu tarehe nikahesabu sindano. Siku ya tano alifungua macho akatafuta. Akapeleka vidole mdomoni kwa ishara yetu ya nyumbani ya uji. Mama alikuwa wa kwanza kumwelewa. Alimnywesha vijiko vitatu, na vitatu hivyo vilikaa tumboni. Wauguzi wawili walikuja kutazama kama vile wameitwa harusini.

Siku ya nane walituruhusu kumvisha mashine. Niliisafisha, nikaweka betri mpya, nikaibandika. Taa yake ndogo ikawaka kijani. Nikamwita, "Namkunda." Akaendelea kutazama dirisha. Nikaita tena kwa nguvu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Yeye hakugeuka.

Nakijwa alinishika mkono ili nisiite mara ya tatu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu Jumapili ile.

Alipotimiza sindano zote tulihamishiwa Dar es Salaam ili tundu lizibwe. Yule daktari bingwa alitazama picha za kichwa, akasikiliza habari za leso, akaniomba nirudie habari hiyo mbele ya vijana waliokuwa wanajifunza kwake. Kisha akafungua tena nyuma ya sikio, akaziba tundu kwa kipande kidogo cha nyama kilichotolewa juu ya sikio pale pale. Tulipumua. Siku ya sita Namkunda aliinama kuokota kofia ya mdoli wake, na tone moja likaanguka juu ya shuka. Moja tu. Nikamwinamisha tena, nikalikinga la pili kwa kitambaa cheupe, nikaliacha likauke, nikampelekea daktari. Lilikauka laini.

Alituita ofisini. "Itabidi nirudi tena. Safari hii nitachukua mafuta tumboni kwake, nifunge sikio la kati lote na njia inayoshuka puani. Na ataishi na mrija mgongoni siku tano ili maji yapungue shinikizo. Sasa nawauliza kuhusu kifaa. Nikikuta ndicho kinachoacha mwanya, nitalazimika kukitoa. Na baada ya ugonjwa huu sikio la ndani linaweza kugeuka mfupa. Kikitoka, huenda kisirudi."

Nilijua mke wangu angesema kitoke. Nilikuwa nimeshapanga nisibishane naye. Nilitazama viatu vyangu.

Nakijwa akasema, "Uhai kwanza, daktari. Kama ndicho kinachopitisha maji, kitoe, na hutaniona nikilia. Lakini kama kinaweza kubaki, kibaki. Mimi nimeshamsikia akiniita mama."

Daktari akaniangalia. "Na baba?"

"Ni hivyo hivyo," nikasema.

Kilibaki.

Siku zile tano za mrija zilikuwa ngumu kuliko upasuaji wenyewe. Jaribu kumlaza mtoto wa miaka minne, asiyesikia, siku tano bila kuinuka. Kichwa kikae vile vile, asilie kwa nguvu, asipige chafya kwa kufunga mdomo, asijikaze chooni. Huwezi kumweleza sababu. Nakijwa alimsimulia hadithi kwa vidole juu ya tumbo lake, kuku, mbuzi, bibi anapanda mlima. Mimi nilikuwa na zamu ya kumshika mikono akitaka kung'oa mrija. Mama mmoja aliyekuwa akifanya usafi wodini aliona kwamba mtoto anastuka kila mtu anapomkaribia, kwa sababu hawezi kugeuka kuona. Siku ya pili alikuja na kioo kidogo cha kujipodolea, akakifunga kwa uzi kwenye nguzo ya dripu. Tangu hapo Namkunda alikuwa anaona mlango kwenye kioo, nani anaingia, nani amebeba sindano. Akatulia. Sikuwahi kujua jina la yule mama. Tulimwita Mama Kioo, naye aliitika.

Maji hayakutoka tena. Tuliendelea kumpima kila asubuhi kwa miezi mitatu: kaa, inama, hesabu mpaka thelathini, kitambaa cheupe chini ya pua. Kila siku tulitia alama ya uzi mwekundu pembeni mwa kitambaa. Ukitaka nawe fanya hivyo, lakini usifanye kosa langu la kusubiri Jumatatu. Ukiona mashaka, nenda siku hiyo hiyo, na waulize pia kuhusu chanjo za ugonjwa huu. Sisi tulikuwa tumemchomesha moja tu kati ya zile alizotakiwa kupata.

Tulirudi nyumbani na mtoto mwingine. Alikuwa amekonda mpaka gauni nililomshonea Pasaka lilimzunguka mara mbili. Ana kovu refu nyuma ya sikio na jingine dogo tumboni. Na alikuwa hawezi kutembea sawa. Ugonjwa ulikuwa umegusa mahali panaposhika mizani ya mwili. Alikuwa anatembea ameshika ukuta, na ukuta ukiisha anakaa chini.

Hapo ndipo mama yangu alipoamua. "Nileteeni Myamba," akasema. "Huku kwenu ni tambarare, atajifunza nini?"

Nilidhani ni mzaha. Kule hata uani kwake kuna mteremko. Lakini mtaalamu wa mazoezi alisema ni vizuri akitembezwa sehemu tofauti, ilimradi kuna mtu nyuma yake na asiangukie kichwa. Basi wakati wa baridi Nakijwa alikaa naye huko, mimi nikipanda kila Jumamosi. Mama alimfunga Namkunda khanga kiunoni, akashika ncha mbili kama hatamu, wakawa wanashuka njia ya mtoni hatua kwa hatua, asubuhi na jioni, ukungu ukiwa bado haujaondoka. Mwezi wa kwanza aliteleza mara nyingi, na khanga ikamshika. Mwezi wa pili mama alishika ncha moja. Siku moja nilipofika niliwakuta wanapanda kutoka mtoni, Namkunda mbele na kidumu cha lita tatu, mama nyuma anahema, na khanga iko begani kwa mama.

"Umemfungua?" nikauliza.

"Amejifungua mwenyewe," mama akasema. "Ananikimbia."

Kusikia kulirudi, ila si kote. Mtaalamu wa usikivu alizima baadhi ya ncha za kifaa zilizokuwa hazileti sauti tena, akapanga upya zilizobaki. Ilichukua safari nne. Siku ya kwanza aliyogeuka nilipomwita sikuamini, nikadhani ameona kivuli changu. Nikajificha nyuma ya mlango nikaita tena. Akaja akanichungulia, amekasirika kidogo, kama mtu aliyeitwa bure. Leo anasikia akiwa karibu, mahali patulivu. Sokoni hasikii kitu. Maneno mengine hayapati kabisa, mengine huyasema nusu. Kwa hiyo tumejifunza lugha ya alama sote, kwenye shule ya msingi yenye darasa la watoto viziwi, tukikaa na Nakijwa kwenye madawati madogo, magoti yamefika kifuani. Zamani ningeona huko ni kushindwa. Siku hizi naona mtoto wangu ana njia mbili za kuniambia hapana.

Mimi na Nakijwa tulikaa karibu mwaka kabla ya kuzungumzia ile korido ya viti vya bluu. Siku moja, tukimenya ndizi, alisema alichosema kule kilikuwa kweli na hakifuti. Nikamwambia sitaki akifute. Tukaendelea kumenya ndizi.

Likizo iliyopita tulikuwa Myamba. Namkunda sasa ana miaka sita na nusu. Tunakula chakula cha mchana, mama akauliza kuhusu sikio la kushoto. Daktari alikuwa amesema linawezekana kuwekewa nalo, ila limeumbika vile vile kama la kulia, na hatari yake ni ile ile. Nikasema tusubiri mwaka mmoja tuone. Mama akasema hakuna cha kusubiri, lisiguswe. Nikasema mama, ukisema "lisiguswe" unaamua peke yako. Akasema na mimi niliamua peke yangu mara ya kwanza. Nakijwa akasema jamani. Sauti zikapanda, za kwangu na za mama, kila mmoja ameshika tonge lake hewani.

Namkunda alitutazama, huyu, kisha huyu. Akapeleka mkono nyuma ya sikio, akavua mashine, akaiweka mezani kando ya bakuli la mchuzi, akavuta sahani yake na kuendelea kula maharage kwa utulivu.

Mmoja baada ya mwingine tukanyamaza. Alimaliza chakula chake chote. Akafuta mikono, akaivaa mashine, akaigusa kuhakikisha imeshika, akatuangalia.

"Memaliza?" akauliza.

Tulikuwa tumemaliza.